Kona, Paa na Jua la Saa Saba

Munanila, mkoani Kigoma, jua hufika utosini saa saba mchana, si saa sita. Saa ya Tanzania imewekwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita baharini mbali na pwani yetu, ilhali milima hii ya Buhigwe iko karibu na longitudo ya 30. Nyuzi 15 za tofauti ni saa nzima ya jua. Dar es Salaam tofauti hiyo ni dakika 23 tu. Ndiyo maana saa kumi na mbili na nusu asubuhi Dar kumekucha na daladala zimejaa, wakati Munanila jua bado halijachomoza.

Naanzia kwenye saa kwa sababu uigaji wa joto la jengo kwa programu ya kompyuta huanzia hapo, kabla ya ukuta wa kwanza kuchorwa. Programu huuliza mambo manne kuhusu kiwanja: latitudo, longitudo, ukanda wa saa na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Mchoraji aliyezoea kazi za Dar akisahau kubadilisha longitudo, kivuli cha kila dirisha kitapotea njia kwa dakika 37, maana yake jua litakuwa limewekwa nyuzi 9 mbali na mahali pake angani. Majibu yatatoka vilevile, yenye desimali mbili na grafu za rangi, na hakuna kitakachomwonya.

Latitudo ya hapa ni takriban nyuzi 4 na nusu kusini mwa Ikweta. Jua hupita juu kabisa ya paa mara mbili kwa mwaka, kwenye wiki ya pili ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi Juni huegemea kaskazini, na katikati ya mchana huwa nyuzi 62 kutoka upeo wa macho. Desemba huegemea kusini, nyuzi 71. Mwaka mzima, basi, uso unaopigwa na jua kali ni ule unaotazama juu. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu ndilo linaloamua ni wapi mchoraji awe makini na ni wapi anaweza kupita haraka.

Programu zenyewe zilizaliwa mbali na hapa, kwa shida nyingine. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipopanda ghafla, Marekani na Ulaya zilianza kujiuliza kwa nini majengo yao yanakula mafuta mengi namna ile. Katika Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, Joe Clarke akatengeneza programu ya ESP katika miaka hiyo ya 1970. Marekani kukawa na DOE-2, na BLAST iliyotokana na kazi za jeshi. Hizi mbili zikazaa EnergyPlus, iliyotolewa mwaka 2001, ambayo leo mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta anaweza kuipakua bila kulipa senti. Inaugawa mwaka katika saa 8,760, kila saa inaikata vipande, kwa kawaida sita, na katika kila kipande inasawazisha joto la kila uso wa jengo: linaloingia kutoka kwenye jua, linalochukuliwa na hewa, linalorudi angani, linalobaki ndani ya tofali.

Kule ilikotoka, mwisho wa hesabu ni bili ya kupasha nyumba joto au kuipoza. Munanila hakuna anayelipia kiyoyozi. Hapa kinachotafutwa ni nyuzi joto pale kitandani, pale darasani, pale wodini, saa kwa saa. UN-Habitat ilipotoa kitabu chake cha usanifu wa majengo ya Afrika Mashariki mwaka 2014, kilichoongozwa na Federico Butera wa Politecnico di Milano, iliigawa kanda yetu katika maeneo sita ya hali ya hewa, ikitenganisha nyanda za juu na maeneo ya maziwa makuu. Mgawanyo huo una maana kubwa kwa mkoa wa Kigoma, unaoshuka kutoka mita 1,750 hivi kaskazini-mashariki hadi mita 800 kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Mtu wa Ujiji, ufukweni, na mtu wa Munanila, milimani, wako mkoa mmoja lakini hawalali katika hewa moja.

Sasa tuje kwenye nyumba.

Kwa kompyuta nyumba ni mkusanyiko wa nyuso bapa. Kila uso ni orodha ya nukta, na kila nukta ina namba tatu: umbali kwenda mashariki, umbali kwenda kaskazini, na kimo. Nukta za ukuta hutajwa kwa kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa, ukiutazama ukuta huo ukiwa nje. Ukizitaja kwa mzunguko mwingine, ukuta umegeuka nje ndani, na paa lililogeuzwa hivyo hutazama ardhini na halipati jua hata kidogo. Nyuso zikikutana vibaya na kuacha upenyo, programu haiwezi kujua chumba kina hewa kiasi gani. Haya ni makosa ya mkono tu, na mtu huyazoea. Ugumu wa kweli uko kwingine: nyumba halisi ina maumbo mengi kuliko yale ambayo joto linayajali.

Chukua kona. Tanzania nzima mtu aliyefanikiwa hujenga nyumba ya kona, na Buhigwe haijabaki nyuma. Mbele panatokeza chumba kikubwa, pembeni panatokeza sebule, nyuma panaingia kidogo ili bafu lipate dirisha. Kila kona ni timazi, ni matofali ya kukata, ni siku ya fundi. Tuseme nyumba ya mstatili ya mita 9 kwa 8: mzunguko wa kuta zake ni mita 34. Eneo lilelile la sakafu likikatwa kona nyingi laweza kuwa na mzunguko wa mita 42. Kwa kimo cha mita 2.7, kuta zimeongezeka kutoka mita za mraba 92 hadi 113, na mwenye nyumba amelipia nyongeza yote katika matofali, saruji na kuni za tanuri.

Je, joto linazijali kona hizo? Si sana. Tofali la kuchoma la ukuta wa sentimita 22 hupitisha joto polepole mno. Wimbi la joto la mchana huchukua takriban saa saba kufika upande wa pili, na likifika limebaki chini ya theluthi moja ya nguvu yake. Tena kuta nyingi zimefunikwa na kivuli cha paa. Kwa hiyo mchoraji mwenye busara hunyoosha kona ndogo. Ukuta unaoingia sentimita 30 na kutoka tena huuchora ulionyooka, mradi jumla ya eneo la ukuta ibaki ileile kila upande wa dira, maana ukuta wa magharibi si sawa na wa kusini. Kona inayotia kivuli juu ya dirisha huachwa, lakini huweza kuchorwa kama uso wa kivuli tu: uso unaozuia jua na usiopitisha joto. Baraza huchorwa hivyo, na ukingo unaoficha paa katika nyumba za mtindo mpya pia.

Asiyefanya hivi, akachukua mchoro wa msanifu mzima mzima na kuutumbukiza katika programu pamoja na fremu za milango, nondo za madirisha na ngazi za baraza, huona kompyuta ikisimama. Ili kujua vivuli, kila uso hulinganishwa na nyuso nyingine zote. Nyuso 200 ni karibu jozi 40,000 kwa kila mahali jua lilipo. Ni kwa sababu hiyo EnergyPlus, isipoambiwa vinginevyo, huhesabu upya njia ya jua mara moja kila siku 20. Na chumba chenye umbo la herufi L huleta shida yake: programu ikitakiwa kufuata mwanga wa jua unaoingia dirishani hadi uangukie ukuta upi, inadai chumba kisicho na pembe inayochomoza kuelekea ndani. Ama ukigawe viwili, ama ukubali hesabu nyepesi inayouangusha mwanga wote sakafuni.

Hadi hapa nimezungumzia kuta, na kwa Munanila kuta ni nusu ndogo ya habari. Swali linalonishughulisha mimi kila ninapoona nyumba ya hapa ni hili: hewa inakomea wapi?

Programu hufikiri kwa zoni. Zoni moja ni hewa inayochanganyika kiasi cha kuwa na joto moja. Mchoraji aliyesomea vitabu vya nje huona vyumba vitatu, sebule, stoo na korido, akachora zoni sita. Lakini ingia katika nyumba isiyo na dari. Kuta za ndani zinaishia usawa wa ukuta wa nje, juu yake ni kenchi na bati. Mtoto akikohoa chumbani, sebuleni wanasikia. Hewa iliyopata joto chini ya bati haina habari na mipaka ya vyumba. Inaogelea juu ya kuta zote na kutokea kwenye mwanya kati ya ukuta na paa. Nyumba hiyo ni zoni moja, hata kama ina milango sita yenye kitasa. Kuta za ndani zimo katika hesabu kwa uzito wake tu, kama matofali yanayohifadhi joto na kulirudisha.

Siku mwenye nyumba akipiga dari, jiometri yote imebadilika ingawa kutoka nje hakuna kilichosogea. Kila chumba kimekuwa zoni yake, na juu imezaliwa zoni ya saba, ile hewa iliyofungwa kati ya dari na bati, yenye mwanya wake wa kupumulia na joto lake kali. Nimeona ripoti ambamo nyumba za aina mbili hizi zimechorwa sawasawa, tofauti yake ikiwa ni unene wa dari ulioongezwa kwenye paa. Hesabu ya namna hiyo inavipa paa na dari joto moja, jambo ambalo fundi yeyote aliyewahi kutambaa juu ya dari saa nane mchana atalikataa.

Sasa lile paa lenyewe. Nyumba yetu ya mita 9 kwa 8, ikiwa na kivuli cha nusu mita kila upande, ina paa linalofunika mita za mraba 90. Jua la utosini katika anga safi huleta karibu wati 950 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo paa zima hupokea zaidi ya wati 85,000. Ni kama pasi za umeme 85 zimewashwa kwa pamoja na kulazwa juu ya bati. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa. Lililoshika kutu hunyonya sehemu kubwa. Kwa kuwa ni chuma chembamba kisichokuwa na mahali pa kuhifadhi joto, halichelewi kama tofali. Wingu likipita hupoa, likiondoka huwaka tena, yote ndani ya dakika chache. Likifika nyuzi 60, bati lililochakaa humwagia watu walio chini mnururisho unaozidi ule wa dari ya kawaida kwa takriban wati 200 kwa mita ya mraba. Hewa ya chumbani inaweza kuwa ya nyuzi 27 na bado mgonjwa aliyelala chini yake akahisi kichwa kinachomwa. Ndiyo maana kipimo cha hewa peke yake hudanganya katika nyumba ya bati, na modeli lazima itoe pia joto la nyuso zinazomtazama mtu.

Mikunjo ya bati huachwa. Paa huchorwa bapa, kwa sababu chuma ni chembamba mno kwa mikunjo hiyo kubadili chochote cha maana. Lakini mteremko wake haupuuzwi, wala anga. Usiku wa Juni na Julai, kiangazi kikiwa kimekaza na anga haina wingu, bati hutupa joto lake angani hadi likawa baridi kuliko hewa, na alfajiri matone hudondoka kutoka upande wake wa chini. Paa lenye mteremko wa nyuzi 20 huiona asilimia 97 ya anga. Ukuta uliosimama huiona nusu. Uwiano huo ni jiometri tupu, na ndio unaofanya usiku wa nyanda za juu kuingia ndani kupitia paa.

Hapa ndipo mifano ya pwani inapohitaji tahadhari. Katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, watafiti walijenga nyumba sita za majaribio zenye kuta nyepesi zinazopitisha upepo, baadhi za ghorofa. Mbu walipungua na usiku ukawa na ubaridi mzuri. Kazi hiyo ilizaa nyumba 110 za mradi wa Star Homes mkoani Mtwara. Naiheshimu sana, hasa kwa mkoa kama Kigoma unaoteseka kwa malaria. Lakini ukuta wa wavu uliomfaa mtu wa Tanga usiku wa Februari utamfanya mtu wa Munanila atafute blanketi la pili mwezi Julai. Mwanya ule kati ya ukuta na paa hutoa moshi na joto, huingiza mbu, na usiku huingiza baridi. Modeli inayouacha mwanya huo kwa kuwa ni sentimita kumi tu imeacha kitu kikubwa kuliko kona zote za nyumba.

Na kwamba umbo rahisi halileti modeli rahisi huonekana wazi zaidi ukitazama hema. Mwaka 2015 Warundi walipovuka mpaka kwa maelfu, wengine wakipitia Manyovu, jirani na hapa, walipelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na baadaye Nduta huko Kibondo, wakalala mahemani. Hema la turubai lina nyuso chache kuliko jengo lolote, na mwanafunzi anaweza kulichora kwa nusu saa. Lakini halina uzito wa kutunza joto, jua hupenya kitambaa chake, na upepo huingia kila mshono. Nyuso zake tano zinadai ujuzi kuliko nyumba ya kona ishirini.

Umbo la duara ni tatizo la aina nyingine. Nyumba za kale za Waha, kama za Warundi ng'ambo ya mpaka, zilikuwa za nyasi na za mviringo, na programu haina uso uliopinda. Msonge huchorwa kwa pembe nyingi. Ukitumia pande 12 zinazogusa duara kwa ndani, mzunguko wa ukuta unapungua kwa asilimia 1 tu, lakini sakafu inapungua kwa asilimia 4 na nusu. Dawa ni kuongeza nusu kipenyo kwa asilimia 2.3, na eneo la sakafu linarudi. Pande 24 zingekuwa karibu zaidi na ukweli wa macho, ila zinaongeza vivuli vya kuhesabu bila kubadili joto. Soko la Kariakoo, alilolisanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lingedai uamuzi uleule kwa kiwango kikubwa: miavuli yake ya zege hukatwa pembetatu, kisha mtu aamue ni mwavuli upi unapitisha joto kwa watu walio chini na upi unatia kivuli tu.

Nje ya kuta kuna majirani ambao hawamo katika mchoro wa msanifu. Migomba iliyozunguka boma huchorwa kama nyuso za kivuli zinazopitisha sehemu ya mwanga. Kilima huchorwa kama ukuta wa mbali. Karibu na Ikweta jua huchomoza karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, hivyo mlima wa mashariki ulioinuka nyuzi 10 juu ya upeo wa macho hukuchelewesha kuliona jua kwa dakika 40. Katika bonde la Munanila nyumba mbili zilizoachana kwa kilomita moja zinaweza kuwa na asubuhi tofauti.

Baada ya haya yote huja faili la hali ya hewa, na hapo wengi huchukua la Kigoma mjini kwa kuwa ndilo lililo karibu. Kituo cha Kigoma kiko uwanja wa ndege, karibu na ziwa. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Nyumba iliyo mita 700 juu ya kituo itakuwa baridi kwa nyuzi 4 hadi 5. Joto la faili lazima lishushwe, na kisha mtu aende na vipimajoto: kimoja kivulini nje, kimoja kitandani, kimoja kifungwe chini ya bati. Wiki mbili za kiangazi zinatosha kuonyesha kama modeli inapanda na kushuka pamoja na nyumba. Ikichelewa, tatizo mara nyingi ni uzito wa kuta. Ikizidi mchana, ni rangi ya bati au ule mwanya.

Majengo ambayo ningependa yafanyiwe kazi hii kwanza ni madarasa. Mwaka 2021 Serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa UVIKO-19 kujenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima. Darasa ni umbo jepesi kuliko nyumba yoyote ya kona: mstatili, paa la pande mbili, madirisha kuta mbili ndefu, watoto 45 au zaidi ambao miili yao peke yake hutoa wati 3,000 hivi. Modeli moja iliyochorwa vizuri inaweza kutumika katika kata mia, ikibadilishwa mwinuko, faili la hewa, na namba moja inayosema jengo linatazama wapi.

Namba hiyo ina uzito. Kuta ndefu zikitazama kaskazini na kusini, ukingo wa paa wa sentimita 60 hutia kivuli cha zaidi ya mita moja katikati ya mchana, Juni na Desemba, na dirisha liko salama. Jengo lilelile likigeuzwa nyuzi 90 ili kutazama barabara, saa tatu asubuhi ya Machi jua liko nyuzi 30 tu angani, ukingo hautii kivuli hata sentimita 40, na mwanga wa moja kwa moja unapita juu ya kizingiti na kufika dawati lililo mita mbili na zaidi ndani ya chumba. Mchoro ukiwa bado mezani, kuligeuza ni kubadilisha namba kwenye programu. Kiwanjani ni kuhamisha vigingi na kamba kabla msingi haujachimbwa.